Baba na picha ya samaki

Baba aliuza samaki Mwaloni, soko la samaki la Kirumba jijini Mwanza, tangu kabla sijazaliwa. Kiharusi kilipompiga, mkono na mguu wa kulia vililegea na maneno yakampotea. Waliokuja kumjulia hali walimpigia kelele kama kiziwi. Wengine waliniuliza mimi, yeye akiwa kakaa palepale, kama akili zimemrudia. Iliniuma sana, maana macho yake yalikuwa yanafuata kila kinachosemwa.

Siku ya kwanza kliniki, dada wa tiba ya usemi alinipita akamwendea yeye.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba," Baba akajibu, safi kabisa.

Nilishtuka. Tangu augue hakuwa ametamka hata jina langu. Dada akanieleza kwamba maneno yaliyozoeleka mno, kama salamu, sala au kuhesabu, mara nyingi hubaki hata pale neno la kutafuta linapokwama. Kwa watu wengi lugha hukaa upande wa kushoto wa ubongo, jambo ambalo daktari Mfaransa, Paul Broca, alilieleza tangu miaka ya 1860. Upande huohuo ndio unaoongoza mkono wa kulia, ndiyo maana viwili hivyo mara nyingi huondoka pamoja.

Alianza na kumeza. Akamkalisha wima, akampa kijiko cha maji, huku vidole viwili vimegusa koo lake kidogo kufuatilia linavyopanda na kushuka. Baba akakohoa. "Sema aaa, mzee." Sauti ikatoka imelowa. Hapo nikaelewa kikohozi cha kila chai ya asubuhi, ambacho nyumbani tulikiita baridi ya ziwani. Maji hukimbia, koo likichelewa kuziba njia ya hewa, yanaingia mapafuni, na nimonia inaweza kufuata. Uji mzito ulipita vizuri. Tukaambiwa tumpe kidogo kidogo, abaki amekaa nusu saa baada ya kula, na kinywa kisafishwe kila siku.

Kisha picha. Kikombe, kimya. Kiti, kimya, jasho linamtoka. Ikaja ya samaki. Dada akasubiri, akasubiri tena, ndipo akamsogezea silabi ya kwanza.

"Sa..."

"Sato," Baba akasema.

Dada alikuwa anangoja "samaki". Nikainama kuitazama ile picha: mwili mpana, mapezi ya mgongoni yamesimama. Sato kweli, wala si sangara. Nikalia mbele yao wote wawili. Huyu ndiye waliyekuwa wanasema akili zimemtoka!

Dada akanisihi nisimmalizie maneno, nimpe muda. Halafu akaandika Jumanne na Alhamisi kwenye karatasi, akamwekea Baba mbele, amwonyeshe ipi inamfaa kurudi. Baba akazitazama zote mbili, akainua mkono wa kushoto, akagusa Alhamisi. Ikaandikwa hivyo kwenye kadi.