Siku Moja na Kiraka cha Git Ndani ya Emacs

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Sinza haijachangamka bado na intaneti haina msongamano, kwa hiyo kazi yangu ya kujitolea naifanya sasa, kabla ya ajira. Nasoma viraka, yaani mapendekezo ya kubadilisha msimbo, vya VC, sehemu ya kihariri cha Emacs inayozungumza na mifumo ya kudhibiti matoleo, ile inayotunza historia ya mabadiliko ya faili. Eric S. Raymond aliianza mwaka 1992, enzi za mifumo ya RCS na SCCS, faili ikifungwa kwa ajili ya mtu mmoja mpaka amalize kuihariri. Git, mfumo mwingine wa aina hiyo, ilikuja 2005. Wazo la msingi halijabadilika: unabonyeza C-x v v (Ctrl pamoja na x, kisha v mara mbili), Emacs inatambua hatua inayofuata, iwe chini kuna Git, Mercurial au Subversion. Nalipenda sana wazo hilo, na ndilo linalofanya ukaguzi wake uwe mgumu.

Saa moja. Kiraka kimeingia usiku. Kinaharakisha vc-dir, ukurasa unaoorodhesha faili zilizobadilika. Mchangiaji ameeleza vizuri: badala ya kuiita Git mara kadhaa, anaiita mara moja kwa git status --porcelain -z. Ile -z ni uamuzi mzuri. Bila hiyo, Git huyafungia alama za nukuu majina yenye nafasi, na jina la Kiarabu hulitoa likiwa mfululizo wa tarakimu. Kwa -z kila jina hutoka jinsi lilivyo, likifuatwa na baiti ya sifuri.

Nakishusha, najenga Emacs upya, naendesha majaribio. Yote yanapita. Kasi imeongezeka kweli. Kwenye ripozitori kubwa (folda ya kazi inayotunzwa na Git) ukurasa unafunguka papo hapo.

Saa tatu hadi saa saba ni za mwajiri.

Saa saba na nusu, wali maharage kwa mama lishe, pamoja na binti aliye kwetu kwa mafunzo kwa vitendo. Namwonyesha kiraka kwenye simu.

“Kaka, majaribio si yamepita? Kipitishe tu.”

“Yamepita kwa sababu hakuna jaribio lenye faili iliyobadilishwa jina. Tuseme barua.txt imekuwa waraka.txt. Kwa kawaida Git inatangulizaje?”

“La zamani, halafu mshale, halafu jipya.”

“Sasa ukiweka -z, mpangilio unageuka. Jipya linatangulia, mshale haupo.”

Akasoma tena mistari ile, polepole. “Kumbe huyu anachukua la pili akidhani ndilo jipya.”

Ndivyo ilivyo. Ukurasa ungeonyesha barua.txt, faili ambayo haipo tena, na mtu akitaka kuhifadhi mabadiliko yake Emacs ingeipelekea Git jina lisilo sahihi. Kosa hili halionekani kwa aliyeandika, kwa sababu siku anayojaribu hajabadilisha jina la faili yoyote. Mimi nikikagua najiuliza ni nani ambaye msimbo huu haukumfikiria.

Saa kumi na moja jioni narudi kwenye kiraka kwa jicho hilohilo, na nakuta jambo zito zaidi: kati ya njia mbili za Emacs za kuiita programu nyingine, ametumia call-process mahali palipotakiwa process-file. Tofauti inaonekana ndogo. Lakini Emacs ina Tramp, ambayo kwayo unahariri faili zilizoko kwenye seva ya mbali. process-file huiendesha Git kwenye seva hiyo. Call-process huiendesha kwenye kompyuta yako, ndani ya folda yako ya nyumbani. Na wapo wengi ambao folda yao ya nyumbani yenyewe ni ripozitori, wanamotunzia mipangilio yao. Mtu huyo angeonyeshwa hali ya kazi nyingine kabisa, bila onyo lolote. Hapa siwezi kulegeza.

Naongeza ombi la kuweka GIT_OPTIONAL_LOCKS=0, iliyopo tangu Git 2.15, inayoiambia Git isishike kufuli lisilo la lazima. Amri ya status huweza kushika kufuli la faharasa (faili ambamo Git hupanga yatakayohifadhiwa), na mtumiaji akiwa anahifadhi kazi kwenye terminali wakati huohuo, amri yake inakataliwa. Kihariri kinachofanya kazi nyuma ya pazia kimpishe mwenye kazi.

Jibu langu naliandika kwa makini kuliko msimbo. Naanza na -z na kasi, kwa sababu vinastahili, kisha kila hoja naipa amri ambazo anaweza kuziendesha na kujionea.

Saa mbili usiku toleo jipya linafika. process-file ipo, mpangilio wa majina umerekebishwa, na ndani ya vc-git-tests.el kuna jaribio la faili iliyobadilishwa jina. Naendesha majaribio kwa make check. Limepita, nikirudisha mpangilio wa awali, linafeli kama inavyotakiwa. Kiraka kimezidi mistari 15, kiasi ambacho Emacs hukipokea bila hati, kwa hiyo namwuliza kama hati za hakimiliki za Free Software Foundation, shirika linaloshikilia hakimiliki ya Emacs, ameshasaini. Akisaini, nitakipendekeza kiingie.