Visiwa vya Ugiriki: Ratiba Yetu Inaanza na Siku ya Kurudi

Mume wangu alipoandika orodha yake ya kwanza, aliweka Santorini, Mykonos, Naxos, Krete na Rhodes katika likizo moja, kana kwamba ni kupanda kivuko kwenda Msanga Mkuu, ng'ambo tu ya Mtwara mjini, na kurudi kabla ya adhuhuri. Rhodes iko karibu na pwani ya Uturuki, na meli kutoka Piraeus, bandari kuu ya Athens, huchukua zaidi ya nusu siku kufika huko. Nilimwomba kalamu, na tukabaki na visiwa viwili vilivyo katika njia moja ya meli, yaani Naxos na Santorini.

Suala la msimu lilituchukua muda mrefu zaidi. Julai na Agosti, wakati huku kwetu upepo wa kusi unavuma, kule huvuma meltemi, upepo mkavu wa kaskazini unaoweza kuendelea kwa siku kadhaa chini ya mbingu isiyo na wingu. Ukifikia nguvu ya 8 katika kipimo cha nguvu za upepo cha Beaufort, kwa kawaida meli huzuiwa kutoka bandarini, na boti za kasi husimamishwa mapema zaidi. Isitoshe, tarehe 15 Agosti ni sikukuu kubwa ya Bikira Maria kwa Waorthodoksi, na Wagiriki wenyewe hujaa melini kwenda visiwani. Septemba ingetufaa kwa hali ya hewa, lakini mwenye mikorosho hawezi kuliacha shamba korosho zinapoanza kudondoka. Basi tumechagua Juni, ambapo watoto nao huwa likizo.

Kwa sababu ya upepo huo, nimeipanga safari nzima kuanzia siku ya ndege ya kurudi na kuhesabu kinyumenyume. Hatutapanda meli na ndege siku moja. Tutarudi Athens na kulala huko, tukiwa na siku nzima ya akiba. Wapo watakaosema siku hiyo imepotea bure, ila nadhani wakazi wa kusini wanaokumbuka barabara ya kwenda Dar ilivyokatika Somanga baada ya kimbunga Hidaya, Mei 2024, watanielewa, na kwa sababu hiyohiyo tutawahi Dar es Salaam siku moja kabla ya ndege yetu. Hakuna ndege ya moja kwa moja kutoka Dar hadi Athens, kwa hiyo tutaunganisha Doha, Istanbul au Addis Ababa, kutegemea bei.

Ndege ikitua usiku hatutahangaika, kwani basi la X96 hutoka uwanjani hadi Piraeus usiku na mchana, na treni ya metro nayo inafika bandarini tangu mwaka 2022. Meli kubwa ya kawaida hutumia takriban saa nane hadi Santorini, na boti ya kasi takriban saa tano. Nimechagua meli kubwa, ambayo ina nauli nafuu, huvumilia mawimbi kuliko boti, na ina sitaha ya kukaa nje. Saa za Ugiriki wakati wa kiangazi ni sawa kabisa na zetu, lakini tiketi huandikwa kwa mtindo wa saa 24, hivyo 17:30 nimeiandika pembeni kuwa ni saa kumi na moja na nusu jioni, nisije nikabishana na mtu getini.

Maombi ya viza ya Schengen, yaani viza moja ya kuingia nchi nyingi za Ulaya ikiwemo Ugiriki, hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, na yasichelewe kuliko siku 15. Ada ya mtu mzima ni euro 90, na bima ya safari lazima ifikie angalau euro 30,000. Tutapeleka yetu Januari, malipo ya korosho yakiwa yameshaingia, na hatutalipia tiketi yoyote isiyorejeshewa fedha mpaka viza ziwe mkononi.

Tutaanza na Santorini, kilicho mbali, kisha turudi nyuma hadi Naxos, ili upepo ukitushika tuwe tumebakiza safari fupi ya kurudi Piraeus. Mume wangu bado anaidai Krete, nami nimemjibu kwamba kisiwa chenye urefu wa kilomita 260 hivi kinahitaji likizo yake chenyewe.