Sanduku la kufuli tatu

Mwaka 2012 nilishuka Muheza kwenye gari la wafadhili, na barua ya ruzuku ya shilingi milioni tatu kwa kikundi cha akina mama cha VICOBA, yaani benki ya kijiji ya kuweka na kukopeshana. Nilijiona mtu mpya. Mwenyekiti wao alinitazama hata sijafunga mlango wa gari.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Wewe si ndiye yule wa khanga?"

Ndiye. Kampeni za 2005 nilikuwa nyuma ya pikapu nikigawa khanga na kofia za mgombea wetu. Takrima, yaani zawadi za mgombea kwa wapiga kura, ilikuwa bado halali. Mahakama Kuu iliifuta mwaka uliofuata. Mwingine, aliyekuwa anamenya chungwa, akadakia: "Na wa benki pia. Alitudai hati za mashamba." Hilo nalo kweli. Nilikuwa ofisa mikopo kwa miaka minne, na hati pale walikuwa nazo wachache mno. Siku ile niliondoka mikono mitupu, wao vilevile.

Wakacheka. Mimi nilichelewa kidogo kucheka.

Sanduku likaletwa: la chuma, rangi ya kijani imebanduka, kufuli tatu, washika funguo watatu. Hisa zikahesabiwa kwa sauti, mihuri ikagongwa vitabuni, marejesho yakaanza. Mama mmoja alipungukiwa shilingi mia tano. Kikao kizima kikasimama mpaka jirani yake akafungua fundo la khanga akampa. Benki tulikuwa na kompyuta na wanasheria, na bado tulikuwa tukifukuzana na wadaiwa.

Zamu yangu ilipofika nikasoma barua. Kimya.

"Hizo tunarudisha?" mwenyekiti akauliza.

"Hapana mama, ni ruzuku."

"Basi humu haziingii. Za bure zikilala na hisa zetu, nani atarejesha mkopo? Atasema si zilikuja na gari."

Siasani nilizoea kugawa, benki nikazoea kudai. Kazi hii ya tatu niliianza nikidhani ni kugawa tu, ila kwa adabu zaidi.

Wakaomba badala yake katibu wao alipiwe mafunzo ya kutunza hesabu. Jambo hilo lilikuja kuchukua miezi mitano, maana fomu zetu hazikuwa na nafasi ya kuandika kwamba watu wamekataa fedha.

Kabla sijaondoka nikaletewa kitabu cha wageni. Katibu akafunua kurasa za nyuma, akaweka kidole kwenye saini yangu ya 2009: Ofisa Mikopo.

"Safari hii tukuandike nani?"