Nani alipima?

Juzi umeme umekatika Kirumba nzima, laptopu imebaki asilimia kumi na kitu na mi bado nahangaika na pepa moja ya utafiti, natafuta jambo dogo tu, hii protini waliyosema inafanya kazi fulani, wameipima au wameifananisha tu na protini nyingine inayojulikana?

Ndo kibarua changu siku hizi, tunajenga databesi ya protini ambazo kazi yake imethibitishwa maabara kabisa. Watu wanashangaa, si zipo tayari? Zipo, databesi ya protini ya Swiss-Prot ilianzishwa na Amos Bairoch kule Uswisi tangu 1986 na watu wanakaa wanasoma pepa kwa macho mpaka leo, ila hata mule ndani majina mengi yamepatikana kwa kufananisha, na nje ya hapo kompyuta ndo inagawa majina kwa mamilioni. Pembeni ya kazi ya protini huwa kuna alama ya ushahidi, ukiona IEA ujue ni mashine imebandika hakuna binadamu aliyepitia, IDA ndo kuna mtu alipima.

Mi lilishanikuta. Nilichukua enzaimu ya bakteria, databesi imejiamini kweli kweli, nikaagiza kemikali (bei yake sitaki hata kukumbuka), wiki sita holaa. Kuja kufuatilia, jina karithi kwa ndugu yake, ndugu kalitoa kwa binamu, unapanda ukoo mzima mpaka kwa babu na babu mwenyewe hajawahi kupimwa na mtu.

Shangazi anauza dagaa Mwaloni, na mteja mzoefu hahangaiki na wale wa juu, anazamisha mkono mpaka chini ya gunia, anatoa mmoja anatafuna taratibu anasikilizia mchanga. Basi na mi pepa naingia nayo hivyo hivyo, abstrakti, ule muhtasari wa mwanzo, siigusi, naenda kwenye vipimo.

Pepa iliyonikosha ni ya furu, wale samaki wadogo wa Ziwa Victoria letu hapa, ilitoka 2008. Kuna Pundamilia nyererei, ndio, jina la Mwalimu, dume lake jekundu na anakaa chini kidogo, na mwenzie Pundamilia pundamilia wa bluu anakaa juu. Protini ya jichoni inayonasa mwanga inatofautiana kati yao, na jamaa hawakuishia kusoma jeni, walizitengeneza zile protini maabara wakapima zinanyonya mwanga gani, ya mwekundu ikaonekana imesogea upande wa wekundu kweli, na huko chini kwenye maji ya tope mwanga unaobaki ni huo huo. Hiyo naiingiza bila kupepesa jicho.

Sasa ile ya juzi, walipima bwana, safi kabisa, ila pepa nzima wanasema "protini hii, protini hii", ya mnyama gani hawasemi. Nimekuja kuikuta kwenye jedwali la viambatisho, faili la tatu, jeni waliyotumia ni ya panya. Na databesi nyingine imeshaiandika ya binadamu.

Nikaandika panya, nikasevu, laptopu ikazima.