Basi Jekundu la Kwenda Athens

Jumapili. Mvua tangu alfajiri.

Zamu yangu ni ya usiku, kwa hiyo mchana nimejifunika blanketi mbili nikatazama tena Summer Holiday, ile filamu ya Cliff Richard ya 1963. Mara ya kwanza niliiona Tanga, sebuleni kwa baba mdogo, kwa deki iliyokuwa ikitafuna mikanda. Sisi watoto tulikuwa tukimsihi apeleke mbele pale mwanzo. Picha haina rangi, ni ufukwe wa Uingereza, mvua inamwagika, na watu waliokuja likizo wamejikunyata ndani ya makoti. Tulidhani mkanda umeharibika.

Leo nimezirudia dakika hizo mara tatu. Huu ni mwaka wangu wa nne Leicester, huku huku Uingereza, na wale watu nawajua sasa, nimekaa nao kituoni. Halafu linatokea basi jekundu la ghorofa, na rangi zinaingia pamoja nalo! Filamu yenyewe ilitoka Januari, Uingereza ikiwa imeganda kwa barafu. Nawaza waliotoka sinema usiku ule wakirudi nyumbani juu ya theluji.

Kisa ni chepesi. Don na wenzake, mafundi wa mabasi ya London, wanaazimwa basi, wanalitia vitanda na jiko, wanaelekea kusini mwa Ufaransa. Njiani wanawaokota wasichana watatu waimbaji walioharibikiwa na gari, na safari inageuka kuwa ya Athens. Kuna na msichana wa nne aliyejificha humo kwa kujifanya mvulana, eti hakuna anayemshtukia. Hata utotoni hatukukubali.

Yugoslavia wameionea. Don anaomba mkate, wanakijiji wanaelewa anataka mke, na wote wanachorwa kama washamba. Zamani nilicheka hadi machozi. Leo nimekumbuka nilivyoomba chumvi dukani, wiki yangu ya kwanza hapa, nikaletewa sabuni.

Na ile mipaka wanayoivuka na basi lao! Mimi, kwa viza ya siku tatu za Paris, nilipeleka karatasi za benki, barua ya mwajiri na alama za vidole.

Jioni nimempigia baba mdogo.

"Shikamoo baba. Leo ule mwanzo nimeuangalia wote."

"Marahaba. Wa mvua?" Akacheka mpaka akakohoa. "Na huko kwenu imekatika?"

Nikachungulia dirishani. Bado.