Ngoma Zilizosubiri Utukufu

Kesha la Pasaka, ibada ya Kikatoliki ya usiku wa kuamkia Jumapili ya Pasaka, lina masomo saba ya Agano la Kale, na paroko anaruhusiwa kuyapunguza kwa sababu za kichungaji. Somo la tatu tu ndilo lisiloachwa kamwe: Kutoka sura ya 14, Waisraeli wakivuka bahari. Nalo lina jambo ambalo wanakwaya wengi hawalitilii maanani. Msomaji akifika mwisho hasemi "Neno la Bwana". Anaishia pale Musa na wana wa Israeli wanapofungua vinywa kuimba, na waimbaji wanadaka papo hapo. Somo linageuka wimbo.

Mwaka 2009 nilikuwa mwalimu wa kwaya katika parokia moja ya Usukumani, kwenye barabara itokayo Mwanza kwenda Magu na Musoma. Kwaresima ilipoanza nilijiapiza kwamba mwaka huo tungeliimba somo lile inavyotakiwa, bila pengo la watu kukohoa, kufunua makaratasi na kumsubiri mpiga kinanda atafute sauti. Usiku ule Mtakatifu Augustino aliuita mama wa makesha yote. Inaniuma hadi leo nikiona kwaya imetumia nguvu zote kwenye wimbo wa kuingilia na wa shukrani, halafu zaburi za usiku huo zinaimbwa kama deni la kulipa upesi.

Nikaketi na maneno yenyewe. Sianzi kutunga kwa kinanda. Nasoma kwa sauti, tena na tena, mpaka nisikie mzungumzaji wa kawaida anaweka uzito wapi. "Nitamwimbia Bwana, kwa maana ametukuka sana." Uzito unaangukia *mbi*, *Bwa*, *a*, *ku*, *sa*. Pigo la kwanza la mizani likikaa kwingine, waamini wataimba wakijikwaa bila kujua kwa nini, na lawama itawaangukia wao. Kiitikio kilikuja mapema, kifupi, kikipanda taratibu kutoka noti ya *so* ya chini. Nilitaka bibi asiyejua kusoma akishike akikisikia mara ya pili.

Chini yake nilisikia ngoma. Siwezi kusema nilizichagua, maana nimekua nazo. Utotoni baba alikuwa akitupeleka Bujora, karibu na Mwanza, kwenye sikukuu ya Ekaristi Takatifu, kule ambako Padre David Clement, mmisionari kutoka Kanada, aliifungamanisha sherehe hiyo na ngoma za Wasukuma, vyama viwili vya wachezaji, Bagika na Bagalu, vikishindana baada ya maandamano. Kwangu mimi ngoma na Sakramenti havikuwahi kuwa maadui. Nikaandika sehemu ya ngoma tatu kwa mwendo wa bugobogobo, ule wa wakulima wanaoinua majembe kwa pamoja, nikapeleka karatasi ofisini kwa paroko.

"Tumsifu Yesu Kristo, Padre."

"Milele amina, Mwalimu. Karibu, kaa."

Alisoma nota polepole, kidole kikifuata mstari. Kiitikio alikipenda, akakiimba kwa chini. Alipofika kwenye ngoma akaiweka karatasi mezani, akachukua Misale, kitabu cha sala na taratibu za Misa. Tangu wimbo wa Utukufu wa Alhamisi Kuu hadi Utukufu wa Kesha, akasema, vyombo ni vya kutegemeza sauti tu, basi. Kinanda kidogo, sawa. Ngoma tatu za bugobogobo haziwezi kuitwa kutegemeza.

Nilikuja nimejiandaa. Nikamkumbusha hati ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano juu ya liturujia, ile ya tarehe 4 Desemba 1963, kwamba katika nchi za misioni kuna watu wenye mapokeo yao ya muziki na mapokeo hayo yapewe heshima inayostahili. Nikaongeza kwamba katika sura ya 15 ya Kutoka, ulimo wimbo wenyewe, Miriamu alitwaa tari mkononi, na wanawake wote wakamfuata wakicheza.

"Miriamu alikuwa ameshavuka, Mwalimu," akajibu. "Sisi saa ile bado tuko gizani tunasikiliza. Ngoma zako ziwekee Utukufu, nami nitazifurahia kuliko wewe."

Nilitoka nimekasirika. Lakini nilipofika nyumbani nikaona kwamba hoja yake ina mantiki ya muziki. Usiku ule una mwendo wake: moto nje, mshumaa mmoja, masomo marefu, kisha kengele na mwanga kwa mpigo mmoja. Ngoma zikisikika kwenye somo la tatu, Utukufu utapasuka kwa nini?

Ikabaki kazi ya kuupata mwendo ule bila ngoma, na maneno yenyewe ndiyo yaliyonisaidia. "Farasi na mpanda farasi." Yaseme haraka, mfululizo, usisimame: fa-*ra*-si na-*mpa*-nda fa-*ra*-si, fa-*ra*-si na-*mpa*-nda fa-*ra*-si. Mapigo matatu, kila pigo limegawanyika mara tatu, na silabi ya mwanzo inaurudisha mduara bila kishindo. Ni mbio za kwato. Nikaufuta mstari wa ngoma, nikawapa besi, wanaume wa sauti ya chini, maneno hayo juu ya *do* na *so* mbili tu, waimbe chinichini tangu beti la kwanza chini ya kila kitu kingine. Waimbaji wa tena, wanaume wa sauti ya juu, nikawaweka kwenye *la* na *so* ndefu, waandamane nao kama vumbi.

Halafu nikaliona jambo ambalo linanifurahisha kuliko yote niliyowahi kupanga. Beti la tatu linasema vilindi vimewafunikiza, walizama vilindini kama jiwe. Nikaandika besi washuke hapo ngazi kwa ngazi mpaka *so* ya chini kabisa, wanyamaze. Farasi wamekufa maji. Beti la mwisho, Mungu anapowaingiza watu wake na kuwapanda katika mlima wa urithi wake, halina farasi tena. Besi wanarudi, lakini safari hii wanaimba kiitikio pamoja na watu wote, sauti moja.

Lilibaki suala la kuanza. Msomaji anamaliza kwa sauti ya kusema, kinanda kiko kimya, nani ashike sauti? Katika kigango kimoja, jumuiya ndogo chini ya parokia yetu, kulikuwa na mama aliyekuwa mwimbishaji wa kikundi cha kulima. Nota hajui, ila akifungua kinywa katikati ya shamba watu wa ng'ambo ya bonde wanajua kazi imeanza. Nilimfuata nyumbani, akanisikiliza huku akipepeta mchele.

"Mwalimu, wewe nipe maneno," akasema. "Sauti ninayo."

Mazoezini mpiga kinanda alimpima mara nyingi. Kila alipoanza bila kupewa sauti aliangukia ufunguo wa G. Basi juu ya karatasi nikaandika Doh G, yaani *do* iwe G, kwa kuwa ndilo koo lake. Mwimbaji wangu mmoja wa tena alinung'unika kwamba kwaya ya parokia haiwezi kuanzishwa na mtu wa kigangoni asiyejua nota. Nikamwambia kwamba Waisraeli nao hawakuwa kwaya.

Besi walisumbua. Walizoea kusubiri *do* ndefu mwisho wa mstari, na sasa walipewa maneno yasiyo na pumziko. Niliwagawa makundi mawili wapokezane pumzi, mstari ukawa haukatiki. Ilituchukua karibu Kwaresima nzima, jioni baada ya jioni, mvua za masika zikipiga bati hata tukalazimika kuimbiana sikioni.

Usiku wenyewe ulifika. Mbiu ya Pasaka padre aliiimba mwenyewe, vizuri. Somo la tatu lilisomwa na mwalimu wa shule ya msingi, mtu makini, ambaye nilikuwa nimemwomba jambo moja tu: asishushe sauti mwishoni. Hakuishusha. Alipotamka maneno ya mwisho sikuinua mkono. Mama yule alikuwa amekaa safu ya tatu upande wa wanawake, miongoni mwa waamini, kitenge begani. Alianza akiwa ameketi. Aliposimama alikuwa ameshafika kwenye neno "Bwana", na wanawake wa pande zote mbili walikuwa wamesimama naye.

Nikawapa besi ishara. Farasi wakaingia. Nilisikia kanisa likishtuka, kisha nikasikia miguu: si kucheza, ni ile ya watu wanaohamisha uzito kutoka mguu mmoja kwenda mwingine. Kiitikio cha pili kiliimbwa na wanaume waliokuwa wamesimama mlangoni, wale ambao kwa kawaida hawafungui kinywa. Beti la tatu besi wakashuka, wakazama. Kile kimya cha chini kilikuwa kikubwa kuliko nilivyotarajia. Watoto waligeuka kutazama kwaya, kana kwamba kitu kimeondoka mle ndani.

Beti la mwisho likaisha, kiitikio kikaimbwa, nikafunga mkono. Kwaya ikanyamaza. Watu hawakunyamaza. Waliendelea, "Nitamwimbia Bwana", mara nyingine na nyingine tena, mama yule akiwaongoza bila kunitazama kabisa, na wanakwaya wangu wakabaki na makaratasi mikononi wakisikiliza wimbo wao ukiimbwa na wenyewe. Paroko alikuwa amesimama tayari kwa sala. Hakuikata. Alisubiri mpaka walipotua wenyewe, ndipo akasema, "Tuombe."

Ngoma zilipigwa kwenye Utukufu, kengele zikalia, vigelegele vikajaa. Zilikuwa nzuri. Lakini asubuhi ya Jumatatu, watoto waliokuwa wakichota maji kisimani walikuwa wakiimba farasi na mpanda farasi.

Wiki iliyofuata paroko aliniita, akataka wimbo ule ugawiwe vigango vyote ili wauzoee kabla ya mwaka unaofuata. Nikamuuliza kuhusu vigango visivyo na kinanda wala msoma nota. Akaniuliza kama mama wa safu ya tatu alikuwa navyo. Kabla ya kwenda kutoa kopi nilifuta pale juu palipoandikwa Doh G, nikaandika: mwanzishaji aanze penye koo lake, wengine wamfuate.