Siku Moja Maishani Mwangu: Kupiga Ribiti Sproketi ya Pikipiki ya Zamani

Saa moja asubuhi nilifungua karakana, nikafagia na kuandaa meza. Kazi ya siku hiyo ilikuwa moja tu: ngoma ya breki ya nyuma ya pikipiki ya zamani ya Uingereza, ambayo sproketi yake, yaani gurudumu la meno linalovutwa na cheni, haifungwi kwa boliti kama zilivyo nyingi za siku hizi, bali imepigwa ribiti (pini za chuma zinazofinywa kichwa kwa nyundo) moja kwa moja kwenye ukingo wa ngoma. Watu wakipita na kusikia nyundo hudhani tunagonga vyuma tu. Hawajui kwamba nguvu yote ya injini inayofika kwenye gurudumu la nyuma hupita katika ribiti hizo chache. Zikilegea, matundu hupanuka, sproketi huanza kuyumba, na cheni inaweza kuruka na kulikaza gurudumu mtu akiwa mwendoni.

Kabla ya kugusa chochote tulivaa barakoa, tukapangusa vumbi la ndani ya ngoma kwa kitambaa kilicholowa maji. Bitana za viatu vya breki vya zama hizo, yaani tabaka linalosugua ngoma, mara nyingi zilikuwa na asbesto, madini ya nyuzinyuzi, na nyuzi zake zikishaingia mapafuni hukaa humo. Kwa hiyo hapa hakuna anayepuliza ngoma kwa kompresa, na kijana ninayemfundisha alijifunza hilo kabla hajashika nyundo.

Kuanzia saa mbili tulitoa ribiti kuukuu. Kila kichwa kilitiwa alama katikati kwa panchi, kikatobolewa kwa ncha ya kekee iliyo ndogo kidogo kuliko shina la ribiti, kisha shina likasukumwa nje huku ngoma ikiegemea chuma kinene karibu kabisa na tundu. Ngoma hiyo ni ya chuma cha kusubu, yaani kilichoyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu, ambacho kikigongwa hakipindi bali hupasuka, na kuigonga bila kuiegemeza ni kuiua. Sproketi kuukuu ilipotoka, meno yake yalikuwa yamelika upande mmoja hadi yakawa kulabu. Nililaza cheni mpya juu ya sproketi mpya, nayo ikakaa katika kila jino bila kupanda. Umbali kati ya pini na pini ni 15.875 mm, yaani inchi 5/8, na kwa kuwa cheni za roli (zenye vigurudumu vidogo vinavyozunguka kwenye pini), ambazo Hans Renold alizibuni mwaka 1880, zilikuja kutengenezwa kwa vipimo maalumu vinavyokubalika kote, sproketi ya pikipiki ya zamani bado inaweza kuchongwa leo.

Saa nne na robo mwenye pikipiki akaingia.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, fundi. Bado tu? Hiyo si ungeichomelea, saa sita niwe barabarani?”

Nilimweleza kwamba moto wa kuchomelea hukifanya chuma cha kusubu kiwe kigumu na chepesi kuvunjika pale ulipopita, na kwamba ngoma ikishapoteza mviringo wake kwa joto, breki itakuwa inashika na kuachia katika kila mzunguko. Akasema basi tutie boliti. Nikamwonyesha kwa kidole nafasi iliyopo kati ya ukingo wa ngoma na cheni, ambayo haitoshi nati, na nikamkumbusha kwamba boliti ya kawaida huwa na nafasi ndani ya tundu lake, nayo sproketi hutumia nafasi hiyohiyo kucheza. Ndipo akatoa mfukoni pakiti ya ribiti alizonunua mwenyewe ili, kwa maneno yake, kunirahisishia kazi. Zilikuwa za milimita 6. Matundu ya ngoma ni ya inchi 1/4, yaani 6.35 mm, na yalikuwa yamelika kidogo zaidi ya hapo. Alibishana nami kuhusu tofauti hiyo isiyozidi nusu milimita kwa muda mrefu kuliko niliotumia kuzitoa ribiti zote za zamani, akakaa kwenye benchi, akapiga simu, akarudi kuuliza swali lilelile. Nilimvumilia kwa sababu anayebebwa na ribiti hizo ni yeye. Hatimaye alikubali kurudi jioni, nami nikiwa nimechoka kabla ya kupiga nyundo hata moja.

Matundu yaliyolika tuliyalainisha yawe mviringo kamili, kila moja likapata ribiti ya chuma laini inayoingia kwa kusukumwa kwa kidole gumba. Urefu nao una hesabu yake: unene wa vyuma viwili, hapa 11 mm, ukiongeza mara moja na nusu ya kipenyo cha ribiti, kwa hiyo shina la karibu 20.5 mm. Likizidi, kichwa hutoka kipana na kugusa cheni; likipungua, hakuna cha kushikilia.

Sproketi ilibanwa kwanza kwa boliti za muda, tundu moja ndiyo, moja siyo, kisha tukawa tunapiga ribiti zinazotazamana. Kichwa cha chini hukaa katika kijishimo cha chuma kigumu kilichobanwa kwenye jiriwa. Mapigo ya kwanza huja wima na mazito, ili shina lifure na kujaza tundu lote. Ndipo nyundo yenye uso wa duara hulikunja taratibu kuwa kichwa, na tindo lenye kijishimo mdomoni hulimalizia. Hapo hapana mapigo ya ziada, kwa maana chuma huwa kigumu kadiri kinavyopigwa. Bega langu la kulia lilikuwa linawaka moto, na sikutazama saa tena.

Kila ribiti niliijaribu kwa kuweka kidole upande mmoja na kuigonga kwa nyundo ndogo upande wa pili. Iliyobana hulia kwa sauti kavu na kidole hakisikii kitu, iliyolegea hutetemeka. Moja ilitetemeka. Niliitoboa, nikaitoa, nikapiga nyingine.

Kupiga ribiti huweza kuivuta ngoma, kwa hiyo iliingia kwenye mashine ya kukereza na kupunguzwa ndani kidogo mno, mpaka alama za kisu zikaenea mzunguko mzima. Geji ilionyesha sproketi inacheza chini ya robo milimita, kiwango ninachokikubali. Mzee aliporudi nilimkabidhi ngoma pamoja na sproketi yake kuukuu aione, nikamwambia abadilishe pia cheni na sproketi ya mbele, kwa sababu cheni iliyovutika itayala meno haya mapya. Aliuliza kama hilo lingeweza kusubiri. Nikamjibu kwamba haliwezi.